Gauni la Kijani Mbele ya Ubao

Tarehe 4 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo.

Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Barua yako ya mwisho imelala kwenye droo ya cherehani pamoja na sindano zilizovunjika, maana kila nilipoanza kuijibu nilijikuta naandika maneno ambayo mtu hapaswi kumwandikia dada wa baba yake. Leo nimeamua kuyaandika. Ningekupigia simu, lakini najua huipokei. Ulishasema kwamba kwenye simu mtu huropoka asiyoweza kuyatilia sahihi. Basi haya hapa, na sahihi yangu iko chini.

Nimesikia ulichomfanyia Kitinda. Sikukisikia kwake, kwa sababu yeye hasemi. Amenieleza mke wa bawabu wa chuo chenu cha ualimu, aliyekuja kununua vitambaa, na alinieleza huku akiniangalia kama mtu anayempa mwenzake pole. Kwamba ulimtoa mdogo wangu darasani siku ya mtihani wake wa kufundisha, mkufunzi akiwa ameketi nyuma na kalamu yake, watoto wa darasa la tatu wa shule yenu ya mazoezi wakiwa wametoa macho. Kwamba kisa kilikuwa gauni. Na gauni lile nililishona mimi.

Wewe ni mlezi wa wanachuo wa kike hapo, na sheria zako nazijua kwa sababu nilizikimbia. Naujua mtihani wako wa ubao: msichana aandike mstari wa juu kabisa, kisha aandike mstari wa chini kabisa, nawe umeketi dawati la nyuma ukiangalia kama pindo linapanda au blauzi inaachana na sketi. Nililishona gauni lile nikiuona uso wako mbele yangu. Pindo linafika katikati ya muundi. Mikono inapita viwiko. Kiunoni anaingia Kitinda na nusu ya Kitinda mwingine. Kosa lake ni lipi? Ni kijani? Au ni kwamba limetoka kwangu, mimi ninayewavisha watu wa televisheni, na chochote kitokacho kwangu ni najisi?

Wazazi wetu walipofariki ulimchukua Kitinda ukasema utamfanya mwalimu. Miaka yote hii amesoma kwa ajili ya siku moja, nawe ndiwe uliyeiharibu. Nataka kujua ulilala vipi usiku ule.

Binti ya kaka yako

*

Tarehe 11 Machi

Binti ya kaka yangu,

Marahaba. Barua yako ina utovu wa adabu katika kila aya. Sitakusahihisha. Mtoto husahihishwa, mtu mzima huachwa aonekane alivyo.

Nililala vizuri.

Kitinda aliingia darasani akatembea kwa hatua fupi, kama mtu aliyefungwa magoti. Hilo peke yake lingenitosha, lakini nilinyamaza kwa sababu mkufunzi alikuwa amekwisha kuanza kuandika. Kisha akainua mkono kuandika tarehe juu ya ubao. Mshono ukalia. Ulifunguka kuanzia kwapani kuelekea chini, na nguo ya ndani ikaonekana. Watoto walicheka, kama watoto wachekavyo. Nilisimama, nikamwambia aweke chaki atoke. Hakuna mlezi mwenye akili timamu ambaye angefanya vingine.

Unaniuliza kosa la gauni, wewe fundi. Gauni lililomkaa mtu kama ngozi ya soseji halihitaji kuelezwa kosa lake. Usiniandikie habari za Kitinda na nusu ya Kitinda mwingine. Hata huyo mmoja hakutoshea.

Mwalimu ni mtu ambaye kazi yake humlazimu kuwapa watoto mgongo. Anapoandika haoni nani anamtazama, na wanaomtazama ni wengi. Ndiyo maana nina mtihani wa ubao. Sikuubuni ili niwatese wasichana. Niliubuni baada ya kukaa miaka mingi nyuma ya madarasa, nikiona wanachokiona watoto.

Tangu huyo mtangazaji wenu wa kipindi cha jioni, huyo mnayemwita Malkia, aonekane na gauni la kijani, wasichana wangu hawaijui rangi nyingine. Mafundi wa hapa wametundika picha yake milangoni. Juzi alinijia msichana asiyeweza kuketi. Nikamwuliza, "Utakaaje darasani?" Akanijibu, "Bibi Mlezi, mwalimu si anasimama?" Huo ndio mtaala wenu.

Nimemwandikia mkurugenzi wa kituo chenu, nikaweka jina langu na cheo changu. Sikukutaja, kwa heshima ya kaka yangu. Lakini kila jioni anayemvisha mwanamke yule ni wewe, na mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii amekula mdogo wako.

Shangazi yako

*

Tarehe 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako kwa mkurugenzi ilifika, hongera. Aliisoma mbele yetu sote kwenye kikao, wahariri, wapiga picha, watu wa taa na mimi. Alipofika kwenye aya ya tatu akasema, "Mama huyu haandiki, anachapa." Wakacheka. Malkia akauliza, "Ameolewa?" Mtu akajibu, "Mwandiko huu? Nani angemwoa?" Nikacheka nao, Shangazi. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili asiwepo wa kuniuliza kwa nini sicheki.

Lakini mkurugenzi anawaogopa wenye sabuni wanaodhamini kipindi, na wenye sabuni wanawaogopa akina mama kama wewe. Ikaamuliwa Malkia avae mtandio. Nikamtafutia wa zambarau. Haikupita wiki, mitandio ya zambarau imejaa sokoni, inavaliwa juu ya magauni yale yale, na wanayoyaacha wazi ni yale yale. Umewapatia biashara. Wanakushukuru.

Sasa nikueleze siri ya kazi yangu, ambayo tunakatazwa kuitoa nje. Nguo za Malkia si zake. Duka linatuazima, na ni nguo za mtu mnene, nasi lazima tuzirudishe bila alama ya mkasi. Basi namsimamisha, nashika kitambaa cha mgongoni chote kilichozidi, nakibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga. Kwa mbele unaona mwanamke aliyemiminiwa gauni. Kwa nyuma utadhani kamba ya dobi. Haruhusiwi kugeuka. Siku moja aligeuka kuchukua maji ya kunywa, mpiga picha akapiga yowe kama aliyekanyaga nyoka.

Wasichana wako wanaiga mbele ya nguo isiyo na nyuma. Hilo ni kosa la macho yao na la mafundi wenu wa milangoni. La Kitinda nililishona kwa kitambaa kile kile na mkato ule ule, kwa upana wake wote, bila kibanio hata kimoja. Lile ni gauni ambalo wewe mwenyewe, na mwili wako huo, ungelivaa ukapanda ngazi.

Kwa hiyo unaponiambia lilimkaa kama ngozi ya soseji, basi ama macho yako yamechoka, ama unasema uongo. Nami nililelewa nisimwambie mkubwa kwamba anasema uongo. Basi nasema ni macho.

Usiache kwenda kwa daktari.

Binti ya kaka yako

*

Tarehe 27 Machi

Binti ya kaka yangu,

Macho yangu husoma maandishi ya chupa za dawa bila miwani. Gauni lako limo ndani ya kifurushi hiki. Nimelifua, nimelipiga pasi, sikuligusa kwa sindano. Lipime kwa mikono yako, au livae, kama litapita mabegani. Kisha niandikie tena habari za daktari.

Kitinda ameondoka hapa nyumbani. Asubuhi nilikuta kitanda kimetandikwa kama cha hospitali, na ufunguo wake uko juu ya mto. Hakuaga. Kwa kuwa hana pengine pa kwenda, nadhani yuko kwako, au atafika kabla ya kifurushi hiki. Mwambie kwamba koti lake la mvua limebaki.

Mwambie pia yafuatayo, na umwambie kama yalivyo, bila kutia chumvi yako. Baraza la chuo litakutana katikati ya Aprili. Walikuwapo waliotaka jina lake lifutwe siku ile ile. Mkufunzi wa hesabu, ambaye tumbo lake humtangulia darasani, alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Halikupita. Nani alilizuia lisipite halikuhusu wewe. Badala yake amepewa njia: aahidi mbele ya baraza kwamba atafuata kanuni ya mavazi, kisha arudie somo lile lile katika darasa lile lile, mbele ya mkufunzi yule yule. Akishinda, atahitimu na wenzake. Asipokuja, ualimu umekwisha.

Usimshauri. Ushauri wako umekwisha kumfikisha hapo alipo.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kitinda yuko kwangu. Alifika na mkoba mmoja na viatu mkononi, akala, akalala mchana kutwa. Kifurushi chako kilifika kesho yake.

Nililitandaza gauni mezani nikaligeuza ndani nje. Pembeni pote pamepunguzwa, kuanzia makwapani hadi magotini, kwa mkono, uzi mmoja, mishono inakimbizana kama kuku walioona mwewe. Mimi sishoni hivyo hata nikiwa na homa. Nikamwita.

"Nani kalipunguza hili?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Dada, usikasirike. Ulilikosea."

"Mimi nililikosea?"

"Nililivaa nikasimama mbele ya kioo. Halikuwa lile la Malkia. Nilikuwa kama pazia lenye kichwa. Nikasema dada ana kazi nyingi, amechanganya vipimo, nikimwambia ataona haya. Nikarekebisha mwenyewe."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize nini? Gauni si naliona kila jioni?"

Nilikaa chini, Shangazi. Nikamvika gauni pana la kwangu, nikachukua vibanio kwenye kamba ya nguo, nikalibana mgongoni, nikamsogeza kwenye kioo. Aliangalia mbele. Kisha nikamgeuza, nikampa kioo kidogo ajitazame nyuma. Akavigusa vibanio kimoja kimoja. Halafu akasema, "Kwa hiyo hata yeye halimtoshi?"

Haya, macho yako ni mazima. Nilikuambia umesema uongo, na katika habari ya gauni hukusema uongo. Nimeliandika hilo na nimelitia sahihi. Usilishangilie, kwa maana kuna jambo ambalo ulilificha.

Uliniandikia kwamba ulimwambia aweke chaki atoke. Hukuniandikia kwamba kabla ya hapo ulisema, mbele ya watoto wote, "Huwezi kuwafundisha watoto ukiwa uchi." Uchi! Mshono umefumuka kiganja kimoja, ndani ana shimizi, nawe ukachagua neno hilo. Wewe, unayemkatiza mtu mezani akisema "kikombe" badala ya "bilauri".

Sasa sikia kilichomfukuza kwako, kwa sababu si baraza wala si mkufunzi mwenye tumbo. Alikwenda dukani kununua chumvi. Alikuwapo mtoto wa darasa lile, amesimama na mama yake. Akamwamkia kwa heshima zote, kichwa chini, mikono nyuma. "Shikamoo, Mwalimu Uchi." Hakuwa anatukana. Alidhani ndilo jina lake.

Mama yake akamvuta. Kitinda akaitikia, "Marahaba." Akalipa chumvi, akarudi kwako, akakupikia, nawe ukala.

Unataka arudi kwenye darasa hilo, ainue mkono kwenye ubao huo. Basi nenda wewe kwanza. Simama mbele ya watoto wale, uwaambie kwamba ulisema neno lisilo kweli. Usipokwenda, baki na koti la mvua.

Binti ya kaka yako

*

Tarehe 7 Aprili

Binti ya kaka yangu,

Sikuandika kila neno lililosemwa kwa sababu barua si kinasa sauti. Neno nililisema. Lilikuwa neno la ukali mahali palipohitaji ukali. Watoto walikuwa wanacheka na mkufunzi alikuwa anatazama ubavu wa mtoto wa kaka yangu. Nilitaka atoke haraka, na alitoka haraka.

Unataka mlezi wa chuo aende akawaombe radhi watoto wa darasa la tatu. Ungeketi nyuma ya darasa hata siku moja ungejua unachokiomba. Darasa hukaa sawa kwa sababu watoto wanaamini kwamba mkubwa aliye mbele yao akisema, amesema. Siku watakapoona neno linarudishwa mdomoni, wataanza kuyapima maneno yote, na hutapata tena mtu wa kuwaambia waketi wakaketi. Mimi nimekipa chuo hiki miaka yangu yote, na sikukipa ili nije niivunje kazi hiyo kwa sababu ya jina la utani. Majina ya utani hufa. Mimi mwenyewe naitwa Rula. Mnadhani sijui?

Hali ya watoto wenyewe ni mbaya. Jana wakati wa mapumziko nilipita nyuma ya madarasa. Walikuwa wanacheza. Msichana mmoja mdogo ametia begi kwapani kama ninavyoutia mkoba wangu, anatembea ameinua kidevu, bega moja juu. Sikujua kwamba natembea hivyo. Mwingine alikuwa ameinua mkono ukutani, ana kipande cha mkaa. Wengine wameketi chini, wanangoja. Niliondoka kabla hawajamaliza, kwa sababu nilikuwa na kikao.

Hayo ndiyo matunda ya televisheni. Watoto siku hizi hawana mchezo ila kuwaigiza watu.

Mwambie Kitinda tarehe ya baraza imewekwa. Ni Alhamisi ijayo. Mwambie nimempelekea koti lake kwa dereva wa basi.

Shangazi yako

*

Tarehe 10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Koti nimelipata. Dada hajui kwamba naandika. Amekwenda kumvisha mtu wake.

Nimesoma barua zenu zote. Za kwako dada huziacha juu ya cherehani. Za kwake huziandika kwanza kwenye daftari, nazo hunisomea humo, na anapofika mahali pakali husoma mara mbili. Zote zinanihusu mimi, na hakuna hata moja niliyoandikiwa mimi. Dada anatetea gauni lake. Wewe unatetea kanuni yako. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza siku ile nilikuwa nafundisha nini. Nilikuwa nafundisha mvua. Nilikuwa nimechora, kwenye karatasi kubwa ya kutundika, bahari upande wa kushoto na wingu upande wa kulia, na nilikuwa nimejiandaa kwa swali ambalo nilijua watauliza, kwamba mbona mvua haina chumvi. Sikuulizwa.

Mnaandika kama vile nilitaka kuwa Malkia. Simtaki Malkia. Nimemwona kwa karibu sasa, anakula mihogo kwa kujificha na miguu yake inavimba. Nilitaka watoto wanisikilize. Ninyi mnasema wasichana tunaiga nguo. Mimi kila nikiwasha televisheni namwona mwanamke anazungumza na watu wote wamenyamaza, na nguo yake iko vile. Sijamwona mwanamke mwingine anayesikilizwa hivyo, ila wewe, na nguo zako Shangazi siwezi kuzivaa. Nina miaka ishirini na moja.

Nilibana gauni kupita kiasi. Hilo ni langu, si la dada. Ungeniita pembeni ukanifokea mpaka kesho, ningekubali. Ungenitupia shuka begani ukanitoa, ningekubali. Baraza likitaka ahadi nitaitoa. Nitavaa gauni pana, nitavaa gunia, nitaandika mstari wa juu na wa chini na wa katikati, na mkufunzi wa hesabu naye akipenda aje tuandike pamoja, tuone nani kifungo chake kitaruka kwanza.

Lakini darasa lile siingii mpaka neno liondolewe. Liondolewe na aliyelisema, mbele ya wale aliowaambia. Sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa vibaya. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba hayo ni mambo mawili.

Unasema majina ya utani hufa. La kwako wanalisema ukiwa umepita. La kwangu wananiamkia nalo.

Usipokwenda sitakuja Alhamisi. Dada amenitafutia kazi kituoni kwake. Malkia anahitaji mtu wa kushika vibanio.

Kitinda

*

Tarehe 13 Aprili

Kitinda,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, kama ilivyo desturi yangu, na sikupata kosa la kupigia mstari. Hiyo si sifa. Ndivyo nilivyokufundisha, na ndivyo nilivyotarajia.

Shuka sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na mtandio wangu begani, na sikuukumbuka. Nimeufikiria mtandio huo tangu jana.

Leo asubuhi nilikwenda darasa la tatu. Mwalimu wao alidhani nimekuja kukagua, akaniachia nafasi. Watoto wakasimama. "Shikamoo, Bibi Mlezi." Nikawaambia waketi. Waliketi, wakakunja mikono, wakaninyamazia. Yule mdogo mwenye begi ameketi dawati la mbele. Nimesimama mbele ya watoto tangu kabla baba yako hajaoa, na sijawahi kukosa la kuwaambia. Nilifungua kinywa. Nikawaambia wafungue vitabu. Mtoto mmoja akauliza, ukurasa wa ngapi. Nikautaja uliokuja mdomoni, nikatoka nje, na mwalimu wao akanifuata kuniuliza kama naumwa.

Usidhani hii ni toba. Gauni lilikuwa linabana, na msichana mwingine akija nalo kesho nitamtoa. Kanuni yangu ni ya haki, na nitakufa nayo. Ninachokipima ni lile neno peke yake. Nikiliondoa, kabla ya chakula cha mchana wasichana wote wa chuo watakuwa wamejua kwamba Bibi Mlezi hukosea, na asubuhi yake kila mmoja atanijia mlangoni na gauni lake na hoja yake, na wengi wao hawana akili yako. Hicho ndicho nitakachokipoteza, na sina kingine. Sikuzaa, sikujenga, nilijenga hiki. Nisipoliondoa, utakuwa unambania mtu kitambaa mgongoni ilhali unajua kwa nini mvua haina chumvi.

Dada yako angeniambia kwamba hapo hakuna cha kupima. Ndiyo maana sikumwandikia yeye.

Baraza ni Alhamisi. Darasa la tatu wana kipindi cha kwanza Jumatano, na mwalimu wao nimekwisha kumwambia kwamba huenda nitapita tena. Nimesema huenda. Usifunge mkoba, wala usiikubali kazi ya vibanio. Ngoja. Nikishaamua nitakuandikia, wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, na dereva wa basi atakuletea barua jioni ile ile, liwe lolote.

Shangazi yako